Kifo Katika Chungu

Somo: 2 Wafalme 4:38–41

Karibu kila mchungaji aliyetumika usharikani kwa miaka michache amewahi kuitwa nyumbani kwa Mkristo ili akaombee kitu. Mgonjwa hayupo, msiba haupo. Kilichopo ni kitu. Ni ufagio uliokutwa mlangoni alfajiri na hakuna ajuaye nani ameuweka. Ni noti ya shilingi elfu kumi ambayo mama mwenye duka ameitenga peke yake ndani ya kopo, kwa kuwa tangu aipokee hesabu za jioni hazikai sawa, na majirani wamemwambia kuwa hiyo ni chuma ulete. Ni kitenge cha zawadi ambacho mwenyewe hathubutu kukivaa. Mtu mwenye hofu ya namna hii haogopi kwamba ufagio ni mchafu au kwamba noti ni bandia. Anaogopa kwamba ufagio si ufagio. Anadhani kuna kiumbe chenye uhai na nia, kilichovaa umbo la ufagio ili kiingie ndani bila kubisha hodi.

Hofu hii ni ya zamani, nayo haina dini wala dhehebu. Wengine wetu tunaificha siku ya Jumapili, lakini Jumatatu tunaikuta pale pale tulipoiacha. Kwa hiyo nataka tulitafakari swali lake kwa uwazi. Ikiwa uovu unaweza kuja katika umbo la kitu cha kawaida kabisa, Mkristo aishi vipi na vitu vyake, na hasa aishi vipi na watu wake? Nitalijibu kwa kuitazama Pemba, kwa sababu huko yametokea mambo mawili ambayo yakiwekwa pamoja yanatufundisha. La kwanza ni la kiumbe ambacho watu walikihofu. La pili ni la kifo kilichokuja kweli, katika Kisiwa Panza.

KIUMBE KISICHO NA UMBO LAKE

Wengi wamesikia habari za Popobawa. Jina lenyewe limetokana na popo na bawa, lakini wanaosimulia habari zake hawasemi kwamba ni popo tu. Wanasema hujigeuza. Mchana anaweza kuonekana kama mtu yeyote, usiku anaweza asionekane kabisa. Inasimuliwa kwamba habari zake zilianza kusikika Pemba baada ya Mapinduzi ya 1964. Mwaka 1995, katika miezi ya mwanzo ya mwaka ule ambao Zanzibar ilikuwa inauelekea uchaguzi wake mkuu wa kwanza tangu kurejea kwa vyama vingi, hofu hiyo iliwaka upya Pemba, ikavuka hadi Unguja, kisha ikafika pwani ya bara. Familia nyingi zilitoka vyumbani zikalala nje, zimekusanyika kwa makundi, moto ukiwaka hadi asubuhi. Mwaka 2007 habari hizo zilisikika tena Dar es Salaam.

Naomba tusiwacheke waliolala nje. Sisi wa bara tuna ya kwetu. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, na wekundu huo mara nyingi umetokana na moshi wa jiko walilopikia watoto na wajukuu zao kwa miaka hamsini. Jiko limeacha alama katika macho ya bibi, na alama hiyo ikasomwa kuwa ni ya uchawi. Asiyejua kucheka msiba wa nyumbani kwake asicheke wa jirani.

Lakini tukiacha kucheka, tufikiri. Kiumbe kinachoweza kujigeuza kitu chochote kina nguvu moja ambayo simba hana: hakiwezi kukanushwa. Simba ukimtafuta kichakani usimwone, unatulia. Lakini ukiukagua ufagio ukauona ni ufagio, moyo hautulii, kwa sababu ndivyo kinavyojificha. Kutokuona chochote kunageuka kuwa ushahidi. Aliyefika hapo hana tena njia ya kurudi kwa kutumia macho yake, maana macho yake ndiyo ameacha kuyaamini.

Tena hofu hii haiishii kwenye kitu. Ufagio hauna nia. Kama una nia mbaya ndani yake, basi kuna aliyeituma. Kwa hiyo mwenye hofu huondoa macho kwenye ufagio na kuanza kutazama nyuso: nani alipita jana, nani alikataa kula kwetu, nani hana mtoto, nani anazungumza peke yake njiani. Mwaka ule wa 1995 huko Unguja, kundi la watu lilimuua mtu aliyekuwa na maradhi ya akili, kwa kudhani kwamba yeye ndiye Popobawa. Kiumbe ambacho watu walikiogopa hakikukamatwa. Aliyekamatwa alikuwa binadamu mgonjwa asiyeweza kujieleza.

KILICHOTOKEA KISIWA PANZA

Kisiwa Panza ni kisiwa kidogo kusini mwa Pemba, katika Wilaya ya Mkoani. Watu wake wanaitegemea sana bahari, kama ilivyo kwa visiwa vingi vya pwani yetu. Mwanzoni mwa Machi 2024 familia za kisiwa hicho zilipika nyama ya kasa zikala. Kwa watu wengi wa Pemba nyama hiyo ni kitoweo kitamu, na huliwa kwa kugawana. Siku chache baadaye watoto 8 na mtu mzima mmoja walikuwa wamekufa, na watu wengine 78 walikuwa wamelazwa hospitali. Yule mtu mzima alikuwa mama wa mmoja wa watoto waliotangulia kufa. Haikuwa mara ya kwanza. Novemba 2021, huko huko Pemba, watu 7 walikufa kwa sababu hiyo hiyo, na mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka 3.

Sumu hii inajulikana kwa madaktari. Inadhaniwa kwamba kasa huipata katika vyakula anavyokula baharini, naye mwenyewe haonekani kuugua. Nyama haibadiliki rangi wala harufu. Kuichemsha hakuondoi sumu, kuikaanga hakuondoi. Dawa ya kuiondoa mwilini haipo. Hospitali humsaidia mgonjwa kupigana nayo tu. Watoto ndio wanaoumia zaidi, na hata mtoto wa kunyonya anaweza kudhurika kupitia maziwa ya mama aliyekula. Si kila kasa ana sumu, na hilo ndilo linaloifanya hatari iwe kubwa, kwa kuwa mtu anaweza kula mara kumi akabaki mzima, akaamini kwamba hakuna neno.

Hapa basi tunacho kitu halisi kilicho karibu kabisa na kile ambacho hofu zetu hukibuni. Kifo kilikaa ndani ya chungu katika umbo la chakula cha jioni. Kilipakuliwa na mkono wa mama, kikawekwa kwenye sahani inayojulikana, kikaliwa kwa furaha. Mtu akituambia kwamba mabaya huingia nyumbani yakiwa yamevaa sura ya kitu cha kawaida, tusimwambie kwamba anaota. Katika hili anasema kweli. Mtume Paulo naye anawaonya Wakorintho kwamba Shetani mwenyewe hujigeuza aonekane kama malaika wa nuru (2 Wakorintho 11:14). Imani yetu haijawahi kufundisha kwamba kila kinachoonekana chema ni chema.

Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mambo hayo mawili, na ningependa tuione vizuri. Sumu ya kasa haina nia. Haikumchagua mtoto huyu ikamwacha yule kwa chuki. Hakuna aliyeituma. Na kwa kuwa haina nia, inaweza kujulikana, inaweza kutangazwa, na inaweza kuepukwa. Baada ya msiba ule serikali ya Zanzibar ilituma ujumbe kisiwani, watu wakasihiwa waache kula kasa. Hakuna mtu aliyehitaji kupigwa mawe ili mtoto mwingine apone. Kinachohitajika ni neno la kweli kufika kila nyumba kabla ya chungu kuinjikwa.

ELISHA HAKUULIZA NI NANI

Somo letu la 2 Wafalme linasimulia jambo linalofanana na hili mno. Kulikuwa na njaa huko Gilgali. Elisha akaagiza chungu kikubwa kiinjikwe kwa ajili ya wanafunzi wa manabii. Mmoja wao akaenda kondeni kutafuta mboga, akakuta mmea wa porini unaotambaa, akachuma matango yake mpaka nguo yake ikajaa, akarudi akayakatia chunguni. Hawakuyajua. Walipoanza kula wakapiga kelele kumwambia mtu wa Mungu kwamba ndani ya chungu mna kifo. Elisha akaomba unga, akautia, akaamuru watu wapakuliwe, na hapakuwa na madhara tena.

Wengi husoma habari hii kwa ajili ya muujiza wa unga. Mimi nawaomba mtazame jambo ambalo Elisha hakulifanya. Hakuuliza ni nani aliyeleta matango. Yule kijana alikuwa pale pale. Alijulikana, nguo yake bila shaka ilikuwa bado na alama za majani. Ingekuwa rahisi kusema: huyu ametumwa, huyu anatuonea wivu, huyu tangu zamani tulimshuku. Maandiko hayataji hata jina lake. Yanatuambia tu kwamba alitoka kwenda kuwatafutia wenzake chakula wakati wa njaa, na kwamba hakujua. Nabii wa Mungu, ambaye angeweza kufunuliwa siri yoyote, alitazama chungu akamwacha kijana.

Tazameni pia kwamba waliookoka waliokoka kwa sababu kuna waliopiga kelele. Walioonja hawakunyamaza kwa aibu wala kwa kumheshimu mpishi. Kuna nyumba zetu ambamo mtu huona jambo baya akakaa kimya, asije akaonekana mkorofi. Kusema mapema kwamba kuna kifo chunguni ni tendo la upendo. Kusema kwamba fulani ndiye kifo ni jambo jingine kabisa, na Amri ya Nane inasimama mlangoni kulizuia. Katika Katekisimo Ndogo ya 1529, Luther anaieleza amri hiyo kwa namna inayotudai mengi: haitoshi kuacha kumsingizia jirani, imetupasa pia kumtetea na kuyapokea mambo yake kwa upande ulio mwema. Hofu ya viumbe vinavyojigeuza hufanya kinyume chake hasa. Hulichukua kila jambo la jirani na kuliweka upande ulio mbaya.

Nakiri pia kwamba Luther mwenyewe hakufika mbali katika hili. Alikuwa mtu wa zama zake, aliamini habari za wachawi, na alipohubiri mwaka 1526 juu ya Kutoka 22:18 aliunga mkono wauawe. Sisi tunaobeba jina lake hatulazimiki kuubeba ukali huo. Tunaloruhusiwa, na tunalopaswa, ni kuupima kwa maelezo yake mwenyewe ya Amri ya Nane.

PALE AMBAPO UNGA HAUKUFANYA KAZI

Sasa nafika mahali ambapo somo linatuuma. Huko Gilgali wote walipona. Kisiwa Panza hapakuwa na Elisha, wala unga ulioondoa sumu. Kuna wazazi waliopika, wakapakua, wakawahimiza watoto wale washibe, kisha wakawazika. Tukizungumza juu ya uovu unaojificha bila kuwakumbuka hao, maneno yetu ni upepo.

Mtu aliyepatwa na jambo kama hilo hufunguliwa njia mbili za kutafuta mwenye kosa. Njia ya kwanza inaelekea nje: kuna aliyefanya, tumtafute. Nimekwisha kusema inakofikia. Njia ya pili inaelekea ndani, nayo haizungumzwi sana kwa sababu haipigi kelele. Mzazi hujiambia: ni mkono wangu. Au husikia kwa watu wa dini, na nasikitika kusema kwamba husikia hata kwetu Wakristo, kwamba Mungu ameadhibu. Njia hizi mbili zinaonekana kama zinapingana, lakini mzizi wao ni mmoja. Zote zinakataa kwamba jambo baya linaweza kutokea pasipo mtu wa kulaumiwa.

Bwana Yesu alizifunga zote mbili. Alipoulizwa juu ya kipofu tangu kuzaliwa, kama ni yeye aliyekosa au wazazi wake, alikataa yote (Yohana 9). Alipozungumzia watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, alikataa wasidhaniwe kuwa walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu (Luka 13). Anayekwenda kumfariji mama wa namna hiyo, ahakikishe amezisoma sura hizo mbili kabla ya kubisha hodi. Asiende kumweleza maana ya msiba. Amwambie kwamba alimlisha mwanawe kwa upendo, na kwamba upendo ule haukugeuka kuwa sumu kwa sababu tu nyama ilikuwa na sumu.

NANI ALIYEJIFICHA KATIKA VITU VYETU?

Limebaki swali la mwisho. Kama vitu vya nyumbani vinaweza kutudhuru namna hii, tuvitazame vipi? Je, tuvishuku vyote?

Rudini tena katika Katekisimo Ndogo, katika maelezo ya Sehemu ya Kwanza ya Imani. Luther anapotaka kueleza maana ya kumkiri Mungu Muumbaji, haanzi na nyota. Anataja mwili na roho, macho na masikio, kisha nguo na viatu, chakula na kinywaji, nyumba, shamba na mifugo. Anaorodhesha vitu ambavyo sisi tungevikuta tukifungua mlango wa nyumba yoyote. Anasema Mungu ametupa hivi kwa wema wa kibaba, pasipo sisi kustahili. Na katika maandiko yake mengine Luther alizoea kuviita viumbe, na kazi za watu za kila siku, barakoa za Mungu. Alimaanisha kwamba Mungu hutulisha na kutulinda huku amejifunika: tunamwona mkulima, tunamwona mama anayekanda unga, tunaona mkate, na nyuma ya hayo yote ni Yeye.

Kwa hiyo Mkristo naye anaamini kwamba kuna mmoja anayejificha katika vitu vya kawaida. Tunatofautiana na yule mwenye hofu katika jibu la swali la nani. Mwenye hofu anaposhika chungu hujiuliza ni adui gani aliyemo. Mwamini anaposhika chungu hushukuru. Hashukuru kwa kuwa hajui hatari. Anaosha mboga, anachemsha maji ya kunywa, anaacha kasa baharini. Anafanya hayo kwa bidii zaidi kuliko mwenye hofu, kwa sababu yeye anaamini vitu ni vitu, vimeumbwa, vina kanuni zake, na akili aliyopewa aitumie kuzijua. Mwenye hofu ya kiumbe kinachojigeuza hawezi kujifunza lolote juu ya sumu, kwa kuwa shabaha yake ni mtu.

Mtu atauliza: kama vitu ni barakoa za Mungu, je, Mungu alikuwa nyuma ya sahani zile za Kisiwa Panza? Nimeulizwa swali hili na wanafunzi, na sijaona jibu linalolimaliza. Luther alisema kuna Mungu aliyefichika, ambaye mapenzi yake hatuwezi kuyachungulia, na akatuonya tusijaribu kumfuata gizani humo. Alituelekeza tumtafute pale alipoahidi kukutwa. Na pale alipoahidi ni mahali pa kawaida sana: mtoto mchanga ndani ya hori la kulishia ng'ombe, mwili uliotundikwa kwenye mti, maji kidogo, mkate na divai. Msalaba ulikuwa chombo cha kuulia watu. Mungu hakukaa mbali nacho, alining'inia juu yake. Kwa hiyo tukiulizwa alikuwa wapi siku ile, tunajua jambo moja la kusema: mahali watoto wanapokufa si mahali asipopajua, maana yeye naye alimwona Mwana akifa.

Basi ikitokea kesho ukakuta mlangoni kitu usichokijua, uliza kwanza kama mtoto wa jirani alikisahau. Noti iliyotengwa kwenye kopo irudishe dukani ikafanye kazi yake, na hesabu za jioni zikikataa, zihesabu tena pamoja na kijana wako wa duka kwa upole. Ukisikia chakula fulani kina hatari, piga kelele mapema kama wale wa Gilgali, hata kama mpishi ni rafiki yako. Ukisikia jina la mtu linatajwa kwa kunong'ona, kataa kulipokea. Na kama katika mtaa wenu yupo mzazi aliyempoteza mtoto kwa kitu kilichotoka mikononi mwake mwenyewe, iwe chakula, iwe dawa, iwe jiko la mkaa lililoachwa chumbani, nenda ukale nyumbani kwake. Akikupakulia, pokea.